Ugwe ukitoa manyoya, usiuchome moto

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu babu aliniachia upinde wake wa kuwindia, siku hizi nautumia kwenye lindo la sungusungu hapa kijijini kwetu, Magu. Ugwe, ile kamba ya upinde, niliusokota mwenyewe mwaka juzi kwa uzi wa nyavu. Katikati, pale mshale unapokaa, umeota manyoya. Jamaa mmoja mnadani ameniambia niupitishe kwenye moto wa kiberiti, kisha niupake mafuta, utarudi kama mpya. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba. Usimsikilize. Vua ugwe huo leo, na usiuvute upinde mpaka utie mwingine.

Ushauri huu wa kiberiti unanifikia kila mara na unaniudhi kuliko mwingine wowote. Uzi wa nyavu ni nailoni, na nailoni ikipata moto huyeyuka. Chukua ugwe uliopitishwa moto, upapase taratibu: utakuta vipele vidogo vigumu pale yalipokuwa manyoya. Hizo ni nyuzi zilizoyeyuka zikagandana. Hapo ugwe haupindi tena, kwa hiyo ukivuta, mzigo wote unalalia pale pagumu panapopakana na palaini, na ndipo utakapokatikia. Gundi ya supaglu ina madhara yale yale. Anayekuuzia dawa hiyo hatakuwepo usiku ugwe utakapokatika.

Na ukikatika ukiwa umevutwa, nguvu iliyopaswa kuondoka na mshale inarudi yote kwenye mti wa upinde. Upinde wa zamani kama wa babu yako unaweza kupasuka papo hapo. Kipande cha ugwe nacho kinachapa uso, na jicho halina spea.

Mafuta hayaungi uzi uliokatika, na hata nta ya nyuki haiungi, ingawa nta naipenda. Kazi yake ni kushikamanisha nyuzi, kuzuia maji na kupunguza msuguano. Ipake ugwe ukiwa mzima ila umekauka, usugue kwa vidole mpaka ilainike iingie ndani. Kama manyoya ni mepesi, yakalala, na ukizitenganisha nyuzi unaziona zote nzima, endelea. Ukikuta hata uzi mmoja umekatika, ugwe huo umekwisha. Wako umelika pale pale mshale unapobana, nami nahisi hukuzungushia uzi wa kukinga katikati. Ujao uzungushie, na kinga ikilegea uizungushe upya kabla haijafichua nyuzi za ndani.

Vitanzi vya nchani watu hawaviangalii kabisa, na huko ugwe unasagwa na mti kila unapovuta. Angalia pia nafasi kati ya ugwe na mshikio. Ikizidi kupungua kila baada ya siku chache, ugwe unarefuka. Nailoni ndiyo tabia yake, hasa ikilowa, na sisi wa kandokando ya ziwa unyevu hauishi. Tafuta uzi wa poliesta. Unavutika kidogo tu, na maji hayausumbui. Kano za ng'ombe ni nzuri wakati wa kiangazi, lakini masika hunyonya maji zikalegea, na panya wanazipenda.

Najua nailoni ni rahisi kupata, imejaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na kila duka la zana za uvuvi. Lakini uzi huo ulisokotwa ukamate samaki. Kuna wengine wabaya zaidi, wanaowavishia vijana wa lindo waya wa breki ya baiskeli na kuwaambia hautakatika maisha. Waya ni mzito, unapunguza mwendo wa mshale, na hauvutiki hata chembe, kwa hiyo kila ukifyatua unazikata ncha za upinde. Kama umeuziwa wa namna hiyo, usiukate waya ukiwa umekazwa: upinde utafyatuka mkononi. Kwanza pinda mti, waya ulegee, ndipo uvue kitanzi kimoja. Kisha kagua ncha zote mbili. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, upinde huo usivishwe ugwe tena.