Kutu ya paipu ya mafuta huanzia chini ya klipu

Paipu ya mafuta ya chuma ni nadra kutoboka pale unapoiona. Sehemu iliyo wazi hupigwa na upepo ikakauka. Inayooza ni ile iliyobanwa na klipu, ambako tope na chumvi hukaa na unyevu miezi nenda miezi rudi. Kwa hiyo ukilala chini ya gari, achana kwanza na mabaka mekundu ya katikati. Fungua klipu iliyo karibu na ekseli ya nyuma, kisha tazama paipu inapopanda juu ya tangi. Ukikuta chuma kimevimba na kinabanduka kama magamba ya samaki, paipu hiyo imekwisha. Usiikwangue kwa bisibisi kujiridhisha, maana pengine magamba hayo ndiyo yanayoizuia petroli.

Magari ya Mombasa, Tanga na Unguja huliwa mapema, hasa pikapu za kubebea samaki, kwa sababu maji ya chumvi hudondokea chesesi kila safari. Na gari lililotumika Hokkaido, ambako barabara za theluji humwagiwa chumvi, linaweza kupanda meli likiwa limeshaanza kuoza.

Dalili hutegemea mfumo. Magari mengi ya EFI (yanayopuliza petroli kwa nozeli za umeme badala ya kabureta) yana pampu ndani ya tangi, inayosukuma kwa baa 2.5 hadi 3.5 hivi, hivyo tundu dogo kama la sindano linarusha petroli mpaka kwenye ekzosi. Huko harufu itakuita yenyewe. Kwenye kabureta yenye pampu ya injini, mfano Corolla KE70, paipu ya kutoka tangini hunyonywa, na tundu lake linaweza lisidondoshe hata tone. Linaingiza hewa. Gari linagoma kuwaka asubuhi, linakata mlimani, mwenyewe anauziwa plagi, pampu na kabureta, na tatizo liko palepale. Unganisha kwa muda kipande cha mpira wa mafuta unaoonyesha ndani, kabla ya pampu: mapovu yakipita mfululizo, kuna mahali hewa inaingilia.

Sabuni ya kipande hushika tundu kwa sababu petroli haiiyeyushi. Maji ya barabarani huiyeyusha, na presha ya EFI huitema. Inakufikisha gereji, basi.

Kukata kipande kibovu na kuweka mpira mfupi kunakubalika iwapo chuma cha pande zote mbili ni kizima. Soma maandishi ya mpira: SAE J30R7 ni wa kabureta, J30R9 unahimili EFI. Mpira wa gesi ya kupikia unaweza kuvimba ndani, ukamenyeka na kuziba chujio. Kwa EFI tumia klampu za utepe laini, kwani zile zenye matundu hukata mpira.

Tunapendelea kubadilisha paipu nzima, na iwe ya shaba iliyochanganywa na nikeli, asilimia 90 kwa 10. Haioti kutu na inakunjika kwa mkono. Paipu ya shaba ya friji ni rahisi kuipata, lakini mtikisiko huigeuza ngumu ikapasuka mdomoni, yaani kwenye ncha iliyopanuliwa ili ikae kwenye kiungo. Paipu ya kwenda kwenye injini mara nyingi ni milimita 8, ya kurudi tangini 6, pima yako. Laza waya kufuata njia ya zamani, upime urefu wake, ongeza nusu mita, ndipo ukate paipu.

Usifanye kazi hii juu ya shimo la gereji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama humo ukisubiri cheche. Kaa nje, gari liwe juu ya stendi, tumia tochi ya LED. Kwa EFI, chomoa fyuzi ya pampu injini ikiunguruma mpaka izime, piga stata sekunde 3, ndipo utoe waya hasi wa betri. Fungua kifuniko cha tangi.

Nati za viungo vya paipu zilowekwe mafuta ya kulegezea tangu jana yake. Shika upande wa pili kwa spana nyingine, la sivyo paipu itajisokota. Nati ikiliwa kichwa, kata paipu pembeni yake upate kuingiza soketi ya pembe 6. Kata kwa kikata paipu: msumeno huacha vumbi la chuma linaloziba nozeli, na grinda hapa ni kiberiti. Visha nati kabla ya kukunja mdomo (kila fundi amewahi kuisahau). Kwa EFI kunja mara mbili. Mwisho unaoingia kwenye mpira uwe na nundu, mpira usichomoke. Puliza paipu kwa upepo, paka grisi chini ya kila klipu, weka chujio jipya.

Rudisha fyuzi na betri, weka swichi ON mara nne bila kupiga stata, pitisha tishu kavu kwenye kila kiungo. Rudia injini ikiwa imewaka dakika 10. Kiungo kikilowesha tishu, zima, usizidi kukaza: fungua utazame mdomo, utakuta umekunjwa upande.