Hiace ya diseli ikikosa nguvu mlimani, pima njia ya mafuta kabla ya kununua pampu

Kaka, umeeleza kwamba Hiace yako ya D4D (injini ya diseli ya Toyota inayotumia presha kubwa ya mafuta) ikitoka Kisumu inakimbia vizuri Ahero mpaka Awasi, ila ikianza kupanda kuelekea Kericho inaishiwa nguvu na taa ya injini inawaka. Ukisimama kando kidogo, inavuta tena kama kawaida. Fundi akasoma kosa P0087 kwenye kompyuta ya gari, akasema pampu ya mafuta imekufa. Tafadhali usitoe hiyo pesa bado. Yangu hapa Nakuru ilinifanyia hivyo hivyo kwenye kupanda kwa Mau Summit, na pampu ninayotumia leo ni ile ile.

P0087 maana yake presha kwenye reli ya mafuta (bomba linalogawia nozo diseli) iko chini kuliko kompyuta inavyotaka. Haisemi ni nani ameishusha. Hata pampu mpya ikinyimwa diseli italeta kosa hilo hilo.

Hapo kwenye kupumzika ndipo pana jibu. Uchafu ulio ndani ya tangi hufuata mvuto wa mafuta na kuganda kwenye chujio dogo lililo mdomoni mwa bomba la kunyonyea. Mlimani injini inataka diseli nyingi, kwa hiyo ndiko inakolala njaa. Ukizima, mvuto unakwisha, uchafu unaachia na kuzama, gari linaamka. Mpira wa turbo, yaani kifaa kinachosukumia injini hewa, ukipasuka hauna tabia hiyo: utaona moshi mweusi na kusikia hewa ikivuja kila unapokanyaga, upumzike usipumzike. Kericho nako ni juu, zaidi ya mita 2,000 ilhali Kisumu ni kama 1,130, na hewa nyepesi hupunguza nguvu, hasa kwa injini isiyo na turbo. Lakini hewa nyepesi haiponi kwa kusimama kando ya barabara.

Anza na filta ya diseli. Legeza skrubu ya chini, kinga kwenye glasi, uache itulie. Maji yatakaa chini na diseli juu, mstari unaonekana wazi. Badilisha filta, kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu yake mpaka iwe ngumu.

Tatizo likibaki, fanya kipimo hiki, mimi ndicho kilichoniokoa. Tia diseli safi kwenye jerikeni, uifunge imara mahali isipoweza kuanguka. Chomoa mpira unaotoka tangini kuja kwenye filta, uweke mwingine unaoonyesha ndani, unaovuta kutoka kwenye jerikeni. Mpira wa kurudisha mafuta nao uelekeze humo humo, la sivyo jerikeni itaisha upesi. Pitisha mipira mbali na mikanda na bomba la moshi, toa hewa, usibebe abiria, kisha upande mlima ule ule unaokusumbua. Ikivuta bila kuchoka, pampu yako ni nzima na ubaya uko kati ya tangi na filta. Ukiona mapovu yakikimbia ndani ya mpira, kuna mahali panaponyonya hewa: kaza klipu, kagua mipira iliyokauka.

Yangu ilipanda safi. Tuliposhusha tangi, lile chujio lilikuwa limevaa utelezi mweusi kama kamasi. Huo hutokana na vijidudu vinavyoota pale maji yanapokutana na diseli chini ya tangi. Tuliosha tangi, tukalikausha kabisa, tukapuliza mabomba kwa kompresa, tukaweka filta mpya. Siku hizi silazi gari tangi likiwa karibu tupu, maana nafasi hiyo hujaa unyevu.

Nakuomba jambo moja kwa dhati: usilegeze mabomba ya nozo injini ikiwa inanguruma, hata kama fundi anasema ndivyo wanavyotafuta nozo mbovu. Ilikuwa sawa kwa diseli za zamani. Kwenye D4D presha hupita mara 1,000 ya ile ya hewa, na mafuta hayo hupenya ngozi mpaka ndani ya nyama. Mtu anaweza kupoteza mkono.

Jerikeni isipobadilisha chochote, sasa ishuku vali ndogo iliyo kwenye pampu inayopima mafuta yanayoingia. Ikichoka, sailensa (mwendo wa injini usipokanyaga mafuta) hupanda na kushuka na gari huzimika likipata moto. Kwenye injini nyingi hizi huuzwa peke yake, kwa hiyo iulize hiyo kwanza kabla hujakubali pampu nzima.