Wadogo zetu mnaopunguza baruti kwenye .458, someni hapa kabla ya kushika presi

Wiki haipiti bila mtu mpya kuuliza swali lilelile: "Hii .458 inaniumiza bega, nikiweka nusu ya baruti kuna ubaya?" Ukitaka kumjibu unakuta ameshajaza maganda ishirini kwa presi, ile mashine ya kujitengenezea risasi, na kesho anakwenda rengi kulenga shabaha. Tunawapenda, lakini mnatutia presha.

Hoja yenu yenyewe ni ya haki kabisa. .458 Winchester Magnum ni risasi iliyotoka mwaka 1956 kwa ajili ya nyati na tembo wa Afrika: kichwa, yaani kipande kinachoruka, cha greni 500 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kwa mwendo wa futi 2,000 na ushei kwa sekunde, na teke lake ni takriban mara tatu ya .30-06, risasi ya kawaida ya kuwindia. Piga nayo risasi kumi na tano mezani na utaanza kufumba macho kabla hujavuta. Tabia hiyo ikishaingia, kuitoa ni kazi ya miezi. Risasi hafifu ndiyo dawa, ila ina namna yake ya kutengenezwa.

1. Nusu ya baruti haikupi nusu ya nguvu. Baruti inayoungua polepole imekusudiwa ganda lililojaa na mgandamizo mkubwa. Ukiipunguza sana inaungua kwa kusuasua, na pengine inageuka mlipuko. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba fataki, kile kiwashio cha kitakoni mwa ganda, inasukuma kichwa hadi kwenye mifuo ya mtutu (michirizi ya ndani inayokizungusha kichwa), kichwa kinakwama hapo kitambo kidogo, kisha baruti yote inashika moto nyuma yake kana kwamba mtutu umezibwa. Kwa baruti za polepole, usishuke chini ya kipimo cha kuanzia kilichomo kwenye kitabu cha vipimo vya kujazia. Baruti za H110 na W296 ndizo kali zaidi kwa hili: watengenezaji wanasema usipunguze zaidi ya asilimia 3.

Baruti iliyoruhusiwa kushuka ni H4895. Hodgdon wenyewe, kampuni inayoiuza, wametoa kanuni: chukua kipimo cha juu cha H4895 kitabuni kwa risasi yako na kichwa chako, zidisha kwa 0.6, na hiyo ndiyo sakafu. Kwa mfano wa hesabu tu, kama cha juu ni greni 70, sakafu ni 42. Kama kitabu hakitaji H4895 kwa risasi yako, kanuni haikuhusu. Nyingine ni Trail Boss, ambayo miaka ya karibuni imekuwa adimu madukani. Ile hujazwa hadi pale kitako cha kichwa kitakapofika, inamwagwa kwenye mizani, na uzito huo ndio wa juu. Anzia asilimia 70 yake, wala usiishindilie: punje zake zimetobolewa katikati, zikivunjika zinaungua haraka kuliko zilivyokusudiwa.

2. Vichwa. Vya madini ya risasi vilivyomiminwa ndivyo vinavyofaa mwendo mdogo, kwa sababu vyenye koti la shaba vinang'ang'ania mtutu. Vya greni 405 vya risasi ya .45-70 vina kipenyo kilekile. Vilete kwenye inchi .459, panua mdomo wa ganda kidogo ili usiparuze ubavu, na nawa mikono kabla ya kula.

3. Hapa tukae. Hili ni kosa ambalo sisi tuliotangulia tumelifanya, wengine zaidi ya mara moja, na ndilo linalotukosesha usingizi tunapowaona mkilirudia.

Ganda la .458 linachukua karibu greni 95 za maji. Wewe umesikia kwamba baruti ya shotigani ni rahisi, inatumika kidogo, na ratili moja, yaani greni 7,000, inatoa risasi mamia. Ni kweli. Lakini greni kumi na tano au ishirini ndani ya ganda lile ni kama chumvi chini ya debe: huioni. Unajaza maganda hamsini yaliyosimama kwenye ubao, simu inalia, unarudi, unaendelea kutoka lile unalodhani ulikuwa umefikia. Moja limepata mara mbili, au moja halijapata kitu. Ukishakaza vichwa, zote hamsini zinafanana. Usitegemee mizani ikwambie baadaye, maana tofauti za uzito wa maganda na vichwa vya kumiminwa zinaweza kumeza tofauti ya baruti yenyewe.

Yenye mara mbili inajitangaza: bolti haiinuki bila kugongwa, tundu la fataki limelegea, fataki imedondoka, na kitako cha ganda kimevimba. Hapo shukuru Mungu kwamba chuma kilikuwa imara, kisha ipeleke bunduki kwa fundi kabla ya kuipiga tena, hata kama inaonekana nzima.

Isiyo na kitu ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu ni ya kimya. Fataki peke yake ina nguvu ya kusukuma kichwa inchi chache ndani ya mtutu na kukiacha humo. Unasikia "pu". Akili inakwambia, si tulisema hizi ni hafifu? Mkono umeshavuta bolti na kuingiza nyingine. Ya pili inakikuta kile cha kwanza njiani, na mtutu unavimba pete au unapasuka. Mlio usiokuwa wa kawaida maana yake ni mikono chini. Shikilia mtutu kwenye shabaha kwa nusu dakika, fungua, toa bolti, uangalie mwanga upande wa pili. Kama hakuna mwanga, tia mafuta mepesi uyape muda, kisha gonga kwa fimbo ya shaba nyeupe inayokaribia kipenyo cha mtutu. Usitumie mti: unapasuka mshazari na kujikaza kama kabari, sasa una vitu viwili vya kutoa. Na asikudanganye mtu kwamba kinaweza kutolewa kwa risasi nyingine.

Kinga yake ni utaratibu. Maganda yote yakae kifudifudi, geuza moja, mimina, weka kichwa papo hapo. Ukipenda kujaza ubao mzima, pitisha tochi juu ya kila mdomo kabla ya kichwa cha kwanza, na ukikatizwa, mwaga lile ulilokuwa nalo uanze upya. Kopo moja tu la baruti mezani. Lakini kinga kubwa ni kuchagua baruti yenye ujazo. H4895 ya asilimia 60 ikimiminwa mara mbili inajaa hadi mdomoni au inamwagika. Trail Boss vilevile. Kosa linajionyesha lenyewe kabla halijafika kwenye chemba ya bunduki, na kwa anayeanza hilo lina thamani kuliko senti anazookoa kwenye kopo la shotigani.

4. Fataki iliyotokeza nje ya kitako si lazima iwe dalili ya nguvu nyingi. Mara nyingi ni kinyume: mgandamizo haukutosha kulirudisha ganda nyuma likaegemee bolti. Masizi shingoni ni habari hiyohiyo. Kwenye risasi ya .416 Rigby, ambayo haina mkanda wala ukingo wa kulizuia ganda kitakoni, risasi hafifu zikirudiwa zinasukuma bega la ganda nyuma. Maganda hayo yatenge, yasirudi kwenye risasi za nguvu kamili.

5. Sufi na pamba za kushikilia baruti: acheni kwanza. Kete hiyo ya pamba iliyobanwa juu ya baruti, ikiwa na hewa mbele yake, inaweza kugonga kitako cha kichwa na kuacha pete kwenye chemba.

6. Pima kwa kronografu, yaani kipima mwendo wa risasi, namna mbili: mtutu ukiwa umeinuliwa kabla ya kulenga, kisha ukiwa umeinamishwa. Mwendo ukitofautiana sana, baruti inalala vibaya ndani ya ganda. Badilisha baruti.

7. Wenye bunduki za mitutu miwili, .470 na ndugu zake: mitutu ile ilipatanishwa kwa risasi moja maalumu. Ukipunguza mwendo, msishangae ya kulia na ya kushoto zikiachana.

Na sheria. Hapa Marekani unaweza kujijazia mwenyewe, ila kutengeneza za kuuza kunahitaji leseni. Nyumbani, Tanzania na Kenya, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, basi msibebe presi kwenye mizigo ya Krismasi. Mkienda kuwinda Tanzania, nendeni na risasi za nguvu kamili ambazo mmeshazipiga kwa bunduki hiyohiyo, maana zinapiga juu zaidi kuliko hafifu. Hafifu zibaki huku Marekani, ndani ya boksi lililoandikwa baruti, uzito, kichwa na tarehe, na kila fataki ipakwe rangi ya kucha, nyekundu, ili hata gizani kwa tochi mtu asiichanganye na ya nyati.