Michango ya Desemba Ipelekeni Aprili

Desemba ya kwanza ya kikundi chetu tulikodi Noah mbili, tukazijaza mchele, mafuta ya kula, sabuni na katoni za biskuti, tukaenda kwenye makao ya watoto upande wa chini wa mji wa Moshi. Tulikuta gari la kikundi kingine linashusha mizigo, na watu wa kikundi cha tatu wamekaa kwenye viti vya plastiki wanasubiri zamu yao. Watoto walituimbia wimbo wa kukaribisha wageni, kwa mara ya tatu siku hiyo. Vitu vyetu viliwekwa koridoni kwa sababu stoo ilikuwa imejaa.

Wenzangu wakiwa nje, nilimfuata mama mlezi jikoni. Nikamwamkia, nikamuuliza kama kuna kitu tumesahau. Alinyamaza kidogo.

"Hamkusahau kitu, mwanangu. Ila hivi vyote vitakuwa vimeisha Februari, na kuanzia hapo mpaka Juni sioni mtu."

Anayeishi Moshi anaelewa. Desemba mabasi kutoka Dar yanafika yamejaa, kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kina gari limeegeshwa chini ya migomba, kuna harusi, ubatizo na kipaimara, na vikoba vinavunjwa watu wagawane akiba zao. Mtu mwenye hela mkononi na ndugu zake pembeni anakumbuka yatima. Ni jambo jema na sitaki kulibeza. Lakini Januari watu wanarudi walikotoka, wanaobaki wanahangaika na mahitaji ya shule, kisha masika inaingia. Kuni zinalowa. Mahindi ya ghalani yanakwisha na bei sokoni inapanda, maana mapya bado yako shambani. Watoto wanakohoa nyumba nzima. Hiyo ndiyo miezi ambayo geti la makao halibishwi hodi.

Kwa hiyo kama mnafikiria kuanzisha kikundi cha kuchangia wahitaji wa hapo mlipo, ushauri wangu ninaoung'ang'ania ni huu: changeni kila mwezi, ila toeni katika miezi ambayo wengine hawatoi.

Sisi tuko 22, kila mmoja anatoa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 2,640,000. Tunaacha 240,000 kwa dharura. Januari inatoka 800,000 ya sare, viatu na madaftari, kwa sababu elimu bila ada tuliyonayo tangu 2016 inaondoa ada ya shule ya serikali lakini haimvishi mtoto. Aprili, Mei na Juni zinatoka 400,000 kila mwezi. Laki nne zilizobaki zinakwenda kwa bibi wanaolea wajukuu mtaani, ambao hawana kibao getini na hakuna anayewatembelea. Kiasi chenu kinaweza kuwa kidogo kuliko hiki. Mpokeaji akijua kwamba Mei kuna kitu kinakuja, anaweza kukopa unga dukani leo kwa heshima yake.

Kitu kilichotugombanisha zaidi kilikuwa mshahara. Aprili ile ya kwanza tulimuuliza mama mlezi mwezi huo unamuumiza wapi, akasema: nusu ya mshahara wa mlezi wa usiku. Kikao kilichafuka. Wapo waliosema hela ya sadaka haiwezi kumlipa mtu mzima mwenye nguvu zake, wanunuliwe watoto magodoro. Mimi nilisimama upande wa mshahara na bado nimesimama hapo. Mtoto anayeamka saa nane usiku ana homa anahitaji mtu mzima aliye macho, anayejua dawa iko wapi na bodaboda wa kumwita ni yupi. Godoro linapigwa picha likapendeza, mlezi wa usiku haonekani kwenye picha yoyote, na ndiyo maana hakuna anayemchangia. Tulipiga kura, upande wetu ukashinda kwa kura mbili. Miezi miwili baadaye yule baba aliyepinga kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye alipendekeza tuendelee.

Somo nililolipata pale ni kwamba swali lina namna yake ya kuulizwa. Ukiuliza "mnahitaji nini?" utajibiwa mchele na sabuni, kwa kuwa wamezoea kwamba wageni wanapenda kuleta mchele na sabuni. Uliza ni mwezi gani unawaumiza, na mwezi huo mnakopa nini na kwa nani. Kisha kaa. Usiende na kundi zima, nendeni wawili, siku ya kazi, bila mizigo.

Mwendako pia pachunguzeni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na mwenye leseni haoni tabu kuionyesha. Kuna mahali tulizungushwa mara tatu, leo iko kwa mwenyekiti, kesho iko mjini kutolewa kopi. Tukaenda kumwona afisa ustawi wa jamii. Hapa kwetu kumbukeni kwamba Manispaa ya Moshi na Halmashauri ya Wilaya ya Moshi ni ofisi mbili tofauti: makao yakiwa Kibosho, ukiuliza manispaa utaelekezwa wilayani. Baada ya mazungumzo hayo hatukurudi pale. Iliniuma kwa ajili ya watoto, lakini afisa alishajulishwa, na hiyo nayo ni kazi ya kikundi.

Kuhusu hela yenyewe. Miezi mitano ya mwanzo tulikuwa tunatuma kwenye simu ya mweka hazina. Ni dada mwaminifu kabisa. Simu ikaibiwa sokoni Mbuyuni, na mpaka laini ilipopatikana tena, wiki nzima watu walikuwa wanaulizana pembeni maswali ambayo hayakustahili kuulizwa juu yake. Alilia kwenye kikao. Msimwekee mwenzenu mzigo huo. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Benki ilitutaka katiba, muhtasari wa kikao na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, tukavipata vyote ndani ya wiki mbili. Kila mwisho wa mwezi katibu anatuma taarifa ya akaunti kwenye grupu la WhatsApp, makato yakiwamo, hata kama ni shilingi mia tano.

Semeni mapema pia kwamba hiki si kikoba. Hakuna mkopo wala mgao, na anayetoka haondoki na chake. Wawili waliondoka mwezi wa pili walipolielewa hilo, tukaagana vizuri.

Mwenye undugu na anayeombewa msaada anatoka nje wakati wa kura. Asiyekuwa na hela mwezi huu anamwambia katibu peke yake, na jina lake halisomwi. Picha za watoto hatupigi tena. Tulikubaliana siku mmoja wetu alipotuuliza nani kati yetu angependa mwanawe aonekane na mfuko wa unga mkononi kwenye simu za watu asiowajua.

Desemba iliyopita tulikwenda kumsalimia mama mlezi, wanne tu, na mkungu mmoja wa mshare. Mji ulikuwa umejaa, na stoo yake vilevile. Tulimenya ndizi pamoja na wasichana wakubwa, tukala, tukaosha vyombo. Kabla hatujaondoka alileta daftari lake la mwaka unaokuja. Januari hadi Machi alikuwa ameshajaza kwa kalamu. Kwenye Aprili alikuwa ameandika unga gunia mbili, kuni, mlezi wa usiku, na pembeni, kwa mwandiko wake wa kulala: "Watu wa Jumapili." Ndivyo anavyotuita, kwa kuwa kikao chetu ni Jumapili saa tisa. Akaniuliza kama anaweza kuandika hivyo hivyo na kwenye Mei. Nikamwambia aandike.