Maswali ya sabuni ya maji: mizani kwanza, manukato baadaye

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu sabuni ya maji, na karibu zote zina neno moja linalonichosha: kikombe. Nimechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa pia walioandika jambo hilo hilo kwa maneno mengine.

*Ninatengeneza sabuni ya vyombo kwa lita moja ya salfoniki, kikombe kimoja cha soda ashi na maji lita 20. Povu ni zuri, lakini wateja wanalalamika kwamba mikono inawawasha na ngozi inabanduka. Niongeze glisirini? (Msomaji, Morogoro)*

Usiongeze kitu kabla ya kupima. Ile salfoniki nzito ya rangi ya kahawia, inayotiririka kama asali iliyoungua, ni asidi kali, na kazi ya soda ashi, ule unga mweupe ulio kinyume cha asidi, ni kuizima ili iwe dawa ya kutoa mafuta. Kilo moja ya salfoniki ya kawaida huhitaji takribani gramu 160 za soda ashi. Sasa niambie, kikombe chako ni cha kahawa, cha chai au ni kile cha bati cha kuogea? Kikibeba gramu 100, asidi inabaki ndani ya sabuni; kikibeba gramu 300, soda inazidi; na kwa vyovyote vile anayeumia ni mama anayeosha masufuria mara tatu kwa siku. Tena lita si kilo, kwa kuwa lita moja ya salfoniki huzidi kilo kidogo.

Yeyusha soda ashi katika maji ndani ya ndoo ya plastiki, kwani sufuria ya alumini italiwa, kisha mimina salfoniki kidogo kidogo huku ukikoroga. Ndoo isijae, kwa sababu mchanganyiko utafura kwa gesi inayotoka. Gesi ikiisha, chovya karatasi ya kupimia asidi na uilinganishe na rangi zilizo kwenye pakiti yake: ukisoma 7 au 8 umefika, ukisoma chini ya hapo ongeza maji ya soda kijiko kwa kijiko na upime tena. Sabuni uliyokwisha kuitengeneza usiiuze mpaka uisahihishe kwa njia hiyo. Nimeona watu wananunua manukato ya aina tatu na kusema kwamba mizani ni ghali.

*Sabuni yangu ilikuwa nzito kiasi, nikaongeza chumvi ili iwe nzito zaidi, ikawa nyepesi kama maji. Nimeuziwa chumvi mbovu? (Tanga)*

Chumvi ni nzima, mkono wako ndio mzito. Chumvi huifanya sabuni ya aina hii iwe nzito hadi kiwango fulani tu. Ukikivuka, uzito unaporomoka na mara nyingine sabuni inakuwa na ukungu au inajitenga. Yeyusha chumvi katika maji kwanza, chota sabuni glasi moja pembeni, tia maji hayo ya chumvi kijiko kimoja cha chai kwa wakati na utazame. Glasi ikiharibika umepoteza glasi, hukupoteza ndoo. Kwa iliyokwisha kuwa nyepesi, itengenezee nyingine isiyo na chumvi kabisa na uzichanganye polepole. Uzito wenyewe usikudanganye: sabuni inayovutika kama mlenda inaweza kuwa imejaa chumvi na ikawa na dawa kidogo sana ya kutoa mafuta.

*Ni lazima kukoroga upande mmoja tu? (Wengi)*

Hapana, na hili nimelijibu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

*Nikikosa soda ashi, magadi ya kupikia maharage yanafaa? (Singida)*

Magadi ya mabonge yana udongo na chumvi nyingine, na nguvu yake hubadilika kutoka bonge hadi bonge. Hata yangekuwa safi kabisa, ungehitaji karibu mara moja na nusu ya uzito wa soda ashi. Yaache jikoni.

*Kwenye semina tulifundishwa kutia formalini ili sabuni isioze. Kiasi gani kinatosha? (Mwanza)*

Kwangu, sifuri. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka formaldehaidi, ambayo ndiyo kiini cha formalini, katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004, na anayeivuta zaidi ni wewe unayeinama juu ya ndoo chumbani. Chemsha maji na uyapoze, osha madumu vizuri, tengeneza kiasi kitakachouzika katika majuma machache. Ukitaka ikae muda mrefu, nunua kihifadhi kilichotengenezwa kwa ajili ya sabuni na ufuate kipimo cha muuzaji, si cha jirani.

*Nikitengeneza lita 20 nitapata faida kiasi gani? (Wengi)*

Faida ni bei ya kuuzia ukiondoa malighafi, chupa, nauli na sabuni uliyoiharibu ukijifunza. Wengi husahau hiyo ya mwisho. Ukiwa tayari kuingia madukani, anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, na TBS, shirika la viwango, kabla ya kuchapa lebo elfu moja.

*Ninafungasha katika chupa za soda na za juisi nilizookota na kuziosha. Kuna ubaya? (Temeke)*

Upo, na ni mkubwa. Sabuni ya kijani ndani ya chupa ya soda, ikiwekwa sakafuni karibu na ndoo ya maji, kwa mtoto wa miaka miwili ni soda. Tumia chupa isiyofanana na ya kinywaji, andika SABUNI kwa herufi kubwa, na umwambie mteja aiweke juu. Ikitokea mtoto amemeza, usimtapishe wala usimpe maziwa kwa nia ya kushusha povu. Mfute mdomo na umpeleke kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe, ukiwa umeandika juu yake ulichotia na kwa gramu ngapi.