Ganzi au nusu kaputi?

SWALI: Shikamoo dokta, nilianguka na boda nikavunjika kifundo cha mkono, wanataka kuniwekea chuma, mi nusu kaputi naiogopa balaa. Si wanipige ganzi tu?

JIBU: Marahaba. Inawezekana, wanakuchoma kwapani au juu ya mtulinga huku wanaangalia neva kwa altrasaundi, mkono mzima unakufa ganzi masaa kadhaa na maumivu yanachelewa kuanza, ila ukirudi nyumbani uufunge mkono shingoni usije ukaungua na sufuria bila kujua. Mlio wa drili utausikia, ukiona huwezi kuvumilia omba dawa kidogo ya kusinzia. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda sema mapema. Na chai asubuhi usinywe, ganzi ikigoma watakupa nusu kaputi tu, na hiyo inataka tumbo tupu.