Viza imeandikwa mpaka tarehe 30, mbona siku ni 14?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi niko Mikindani, tuna kikundi chetu cha kina mama tunabangua na kukaanga korosho, tumepata mwaliko wa kwenda kwenye maonyesho ya vyakula Cologne, Ujerumani, mwezi wa 10. Viza nimepata namshukuru Mungu, ila imeandikwa Kijerumani. Kuna VON 02-10 BIS 30-10, alafu ANZAHL DER EINREISEN 01, alafu DAUER DES AUFENTHALTS 14 TAGE. Sasa nakaa mpaka tarehe 30 au nakaa siku 14? Maana nina kaka yangu London, nataka maonyesho yakiisha niende kwake wiki moja, nirudi Ujerumani nipande ndege ya kurudi nyumbani, tiketi yangu ni kwenda na kurudi Frankfurt. Na binamu yetu yuko Paris. Watu huku wananiambia viza ya Ulaya ni moja, unaingia popote.

JIBU: Dada yangu hongera kwanza, na umefanya vizuri kuuliza mapema, maana wengi wakishabandikiwa stika kwenye pasipoti wanaona kazi imeisha, wanaifunga kwenye begi, wanakuja kuisoma uwanja wa ndege.

Jibu fupi ni siku 14. Tarehe 30 isahau kabisa.

Ielewe viza kama bando la simu. Ukinunua bando una vitu viwili tofauti, kuna dakika zenyewe na kuna muda wa kuzitumia. Dakika zikiisha zimeisha hata kama muda bado upo, na muda ukifika mwisho dakika zilizobaki zinapotea. Kwenye stika yako VON ni kuanzia na BIS ni mpaka, kwahiyo 2 mpaka 30 Oktoba ndo muda wa bando. DAUER DES AUFENTHALTS ni muda wa kukaa, hizo ndo dakika zako, TAGE ni siku, una 14. ANZAHL DER EINREISEN ni idadi ya kuingia, na wewe umepewa 01, mara moja tu.

Sasa utajiuliza kwanini wakupe dirisha refu hivyo kama siku ni 14. Hesabu mwenyewe, kutoka tarehe 2 mpaka tarehe 30 ukizihesabu zote mbili ni siku 29. Toa 14 zako zinabaki 15. Hizo 15 ni za akiba, sheria yao ya viza inataka waongeze siku 15 kwenye tarehe ili safari ikisogezwa mbele kidogo usije ukaanza kuomba viza upya. Ni nafasi ya kusogeza safari, sio siku za kukaa. Hapa ndo watu wanapoliwa. Kuna mteja wangu mmoja wa Lindi huko nyuma, mtu makini tu, alisoma BIS akaona ana wiki mbili za bure, akazidisha siku nne. Wakati wa kutoka wakamuweka pembeni pale dirisha la pasipoti, maelezo, makaratasi, ndege ikamuacha, na mwaka uliofuata alipoomba tena wakamnyima. Na siku hizi hata bahati ya afisa kutotazama muhuri vizuri haipo, maana kuanzia tarehe 12 Oktoba 2025 walianza mfumo wa kompyuta unaochukua alama za vidole na picha ukiingia na ukitoka, siku zinahesabiwa na mashine.

Siku zenyewe zinaanza kuhesabiwa lini? Sio siku unayotoka Mtwara, wala siku unayoruka Dar, wala ukiwa unasubiri ndege nyingine Doha au Istanbul, zile hazihesabiwi. Siku ya kwanza ni ile unayovuka dirisha la pasipoti kwenye uwanja wa kwanza wa nchi ya Schengen, yaani lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwahiyo kama ungepitia Amsterdam hesabu ingeanzia Amsterdam hata kama Ujerumani umefika usiku wake. Siku ya kuingia inahesabiwa nzima hata ukifika saa tano usiku, na siku ya kutoka nayo inahesabiwa. Tuseme umeingia Frankfurt tarehe 3, hiyo ni siku ya 1, basi siku ya 14 ni tarehe 16 na uwe umeshatoka. Mimi ningekukatia ndege ya tarehe 15 mchana. Ndege ya saa sita na nusu usiku wa kuamkia 17 usiniambie kabisa, hiyo tarehe ni 17 bwana. Na huku mwanzo pia usiwahi sana, ukifika kule tarehe 1 stika yako haijaanza kufanya kazi, shirika la ndege litakukatalia hapo hapo Dar.

Kwenda Dar nenda siku mbili kabla. Najua Oktoba mvua sio tatizo lakini Mei 2024 barabara ya kwenda Dar ilivyokatika kule Somanga kwa mafuriko kuna watu waliachwa na ndege huku viza iko mkononi.

Haya, London. Hapa waliokushauri wamekupoteza. Uingereza haimo Schengen, haikuwahi kuwemo hata ilipokuwa Umoja wa Ulaya, kwahiyo stika ya Mjerumani kule haikuingizi, unahitaji viza ya Uingereza yenyewe, maombi mengine, ada nyingine, alama za vidole nyingine. Alafu hata ukiipata bado kuna ile 01. Ukishatoka Ujerumani kwenda London umetoka Schengen, ile mara moja yako umeshaitumia, hata kama umekaa siku 6 tu na zimebaki 8. Kurudi Frankfurt kupanda ndege haiwezekani, na zile 8 zimekufa. Kwenye fomu kuna mahali wanauliza unaomba kuingia mara ngapi, moja, mbili au nyingi, na wengi wanaweka moja kwasababu hakuna aliyewaambia maana yake. Kama ulipanga London tangu mwanzo ulitakiwa uombe mbili na ueleze sababu.

Ukitaka kweli kumuona kaka, omba viza ya Uingereza kuanzia sasa, alafu ubadilishe tiketi uingilie Frankfurt na kurudi nyumbani uanzie London, upitie Doha au Istanbul bila kugusa Ulaya tena. Kama muda hautoshi basi kaka aje yeye Cologne. Kama ana pasi ya Uingereza, kwake ni rahisi mara kumi.

Paris ni habari nyingine kabisa, huko nenda. Angalia juu kwenye stika imeandikwa GÜLTIG FÜR SCHENGENER STAATEN, yaani inafaa kwa nchi za Schengen, ziko 29 na Ufaransa imo, unapanda treni Cologne unashuka Paris, hakuna muhuri na haihesabiki kuwa umetoka. Ila siku ni zile zile 14, na safari ibaki ya Ujerumani, maana viza umepewa kwa ajili ya maonyesho, usije ukalala Cologne siku 2 na Paris siku 10. Uswisi pia imo japo haiko Umoja wa Ulaya, Ayalandi iko Umoja wa Ulaya lakini Schengen haimo, kwahiyo usiende kwa kubahatisha, soma orodha.

Na ukisikia watu wanasema viza hii ni ya kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180, hiyo ni dari la juu tu, we umepewa 14. Kuongezewa ukiwa kule inawezekana kwa jambo zito kama kulazwa hospitali au ndege kusimama, na unaenda ofisi ya wageni ya mji uliopo kabla siku hazijaisha. Maonyesho yamenoga au mteja kachelewa kulipa sio sababu.

Mkononi, sio kwenye begi la chini, weka barua ya mwaliko, hoteli, tiketi ya kurudi na bima, ile ya kuanzia euro 30,000, na hakikisha bima inafunika siku zote utakazokuwa kule. Viza haimlazimishi afisa wa mpakani kukuingiza, anaweza kukuuliza yote upya. Akikuuliza unakaa siku ngapi, mwambie tarehe unayotoka, usimtajie 30.